Pacha wa daraja si picha yake

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja aliifasiri istilahi ya wahandisi kuwa "picha ya kidijitali", nami nikamkata alama. Alinijia akinung'unika kwamba baina ya pacha na picha pana irabu moja tu. Nilimjibu kuwa irabu hiyo yaweza kugharimu roho za watu.

Pacha anayesemwa hapa ni kielelezo cha daraja, bwawa au mabomba ya maji, kinachokaa ndani ya kompyuta na kupokea habari mfululizo kutoka kwa vihisi vilivyofungwa kwenye kitu chenyewe. Lori likipita, daraja hutetema, na pacha wake hujua. Waluo humwita pacha wa kwanza Opiyo na wa pili Odongo. Daraja ndilo Opiyo. Odongo yumo kompyutani. Odongo asipolishwa habari hudumaa, ilhali nduguye anazeeka.

Daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, lilifunguliwa mwaka 1967. Nyaya zake za chuma zilifunikwa kwa zege, na kutu ikazila humo ndani mahali ambapo jicho halifiki. Tarehe 14 Agosti 2018 liliporomoka, wakafa watu 43. Lililojengwa badala yake, na kufunguliwa mwaka 2020, lina vihisi na roboti za kulikagua.

Wapo watakaodai kuwa hizo ni anasa za Ulaya. La hasha! Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalifumuka, yakasomba makumi ya watu. Kwanza tuliambiwa kuwa bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kuwa halikuwa bwawa, bali ni njia ya maji chini ya reli iliyokuwa imeziba. Kwa mwanaisimu, hili ni jambo la kutisha: watu wangali wakitafutwa matopeni, nasi hatuna hakika ya jina la kitu kilichowaua. Nani angekikagua?

Sisemi kwamba kompyuta huzibua kalvati. Kazi hiyo ni ya mtu mwenye sepetu, naye sharti atumwe. Lakini atatumwa wapi, iwapo kalvati halina nambari, halina jina, wala kipimo cha kina cha maji? Hapo ndipo ningependa tuanzie, kabla ya kununua mitambo ya fahari. Hata mwalimu wa jiografia aweza kuwatoa wanafunzi wake wayahesabu makalvati ya njia ya shuleni na kuandika lipi limeziba.

Yule mwanafunzi nimemrudishia nusu alama. Michoro ya siku ya ufunguzi, inayopigwa na vumbi katika makabati ya ofisi zetu, kweli ni picha.