Mashine ya maji baridi haigeuzwi ya barafu kwa kubadili namba tu

Goma na Bukavu, sambaza wa ziwa Kivu wanaoza haraka pasipo barafu. Ndiyo sababu mfanyabiashara akipata mashine kubwa ya kupoza maji, iliyokwisha kutumika, anaita fundi ili aishushe mpaka itoe baridi ya barafu. Wazo si baya. Ubaya ni njia ya mkato.

Nyingi ya mashine hizo zimetengenezwa kutoa maji ya digri 7 hivi. Fundi akifunga kinga na kushusha namba chini ya 0, maji yanaganda ndani, yanatanuka na kupasua mabomba. Mtaji umekwisha siku hiyo.

Ili yasigande, maji yanachanganywa na dawa. Hapo ndipo hatari kubwa. Antijeli ya gari ni rahisi kupatikana, lakini nyingi ina etileni glikoli: sumu yenye utamu mdomoni, inayoharibu figo. Bomba likivuja, sumu inaweza kuingia katika barafu ya samaki ama maji baridi wanayonunua watoto, wakiwemo wa familia zilizokimbia vita, ambazo hazina pesa ya hospitali.

Karibu na chakula inafaa propileni glikoli ya daraja la chakula. Inagharimu zaidi, na mashine ikishushwa nguvu yake inapungua. Mwenye mali aambiwe hayo mapema.

Komite za masoko zianze na swali moja: ndani ya mashine hii mmetia nini? Fundi akikosa jibu, isiwashwe.