Usione Vyaelea: Wanawake wa Bunge la Norwei Hawakupewa Viti kwa Hisani



Leo hatuna mapishi wala mitindo ya mabuibui. Leo tuna la moyoni, na tutalisema.

Tumechoka kutajiwa Norwei. Kila semina ya mwanamke na uongozi tunayoalikwa, hata chai haijamiminwa, lazima mtu asimame aseme: "Tazameni Norwei! Wanawake bungeni ni wengi!" Tunapiga makofi, tunapigwa picha, tunarudi nyumbani. Hakuna anayeeleza wanawake wale walipitia wapi hadi wakafika. Hakuna anayeuliza wakishafika wanafanya nini.

Mmoja wetu alikwenda kwenye chama chake kuomba nafasi ya kugombea jimbo. Akaambiwa kwa upole kabisa: "Bibi, wewe subiri viti maalum, huku kwenye jimbo tuachie wanaume." Jioni ya siku hiyo hiyo, kiongozi mmoja wa chama kile kile alikuwa ukumbini anatuhutubia kuhusu mfano mzuri wa Norwei. Ndipo tuliposema basi, tuusome huo mfano wenyewe mpaka mwisho, tusisomewe kichwa cha habari tu.

Tusisahau pia kwamba Bunge lile halituhusu kwa mbali tu. Umeme wa gridi ulifika Pemba mwaka 2010 kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka Norwei. Fedha hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilipita katika bajeti, na bajeti hupigiwa kura na wabunge. Maamuzi ya watu wale yamewasha taa za jikoni kwa mama zetu. Basi tuna haki ya kuwasema, kwa mema na kwa mabaya.

Bunge la Norwei linaitwa Stortinget. Lina wabunge 169, wanachaguliwa kila baada ya miaka minne kutoka majimbo 19. Mpiga kura hapewi jina moja na picha moja. Anachagua orodha ya chama. Chama kikipata kura za kutosha viti vitatu katika jimbo, wanaingia watatu wa juu kwenye orodha. Aliyewekwa namba moja analala usingizi wake. Aliyewekwa namba nane anabeba mabango tu.

Umeona sasa siri iko wapi? Iko kwenye namba. Na namba inapangwa ndani ya chama, kwenye mkutano wa uteuzi wa mkoa, miezi mingi kabla mwananchi hajashika karatasi ya kura. Mwanamke asipokuwepo chumba kile, au akiwepo lakini kazi yake ni kupokea wageni na kugawa maji, mambo yamekwisha.

Wanawake wa Norwei walilijua hili kwa uchungu. Walipata haki ya kupiga kura za taifa sawa na wanaume mwaka 1913. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge kamili, Karen Platou wa chama cha Høyre, alichaguliwa mwaka 1921. Baada yake, miaka hamsini, wanawake bungeni walikuwa wa kuhesabika. Haki ya kupiga kura walikuwa nayo, ila hawakuwa na orodha.

Mwaka 1971 walichoka, kama tulivyochoka sisi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa, sheria ilimruhusu mpiga kura kukata majina kwenye orodha na kuongezea nguvu majina mengine. Wanawake wakapeana habari mlango kwa mlango: kateni wanaume, pandisheni wanawake. Kura zilipohesabiwa, wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume katika mabaraza ya miji ya Oslo na Trondheim, na Asker pia. Hawakutupa jiwe wala hawakuvunja sheria, walitumia kalamu tu. Waliokasirika waliita mapinduzi, na jina hilo likabaki mpaka leo.

Kwa Bunge la taifa kalamu ile haikutosha. Kwa miaka mingi, ili orodha ya chama ibadilike, ilitakiwa zaidi ya nusu ya wapiga kura wa chama hicho jimboni wafanye mabadiliko yale yale, jambo ambalo halitokei. Kwa hiyo wanawake wakarudi ndani ya vyama vyao na kupigania kanuni. Chama cha Venstre kilianza mwaka 1974 na SV mwaka 1975. Chama kikubwa cha Leba, Arbeiderpartiet, kiliamua mwaka 1983 kwamba kila jinsia ipate angalau asilimia 40 ya nafasi. Miaka mitatu baadaye, Gro Harlem Brundtland aliunda serikali ya mawaziri 18, wanane wakiwa wanawake, naye mwenyewe mmojawao.

Sikilizeni vizuri: hakuna sheria ya nchi inayotenga viti vya wanawake katika Bunge lile. Kila kiti kilipiganiwa ndani ya chama. Vyama vya Høyre na Fremskrittspartiet mpaka leo havina kanuni hiyo ya asilimia. Kwa hiyo anayetuambia "Norwei iliwapa wanawake nafasi" anatudanganya, au yeye mwenyewe kadanganywa. Wahenga walishasema: usione vyaelea, vyaundwa.

Hatusemi viti maalum ni haramu. Vimefungua milango, na wako dada zetu waliofanya kazi njema kupitia viti hivyo. Tunachokataa ni kufanywa ndoo ya kuwekea wanawake wote ili majimbo yabaki ya wanaume. Tena anayetuwekea ndoo hiyo asitutajie Norwei kwa mdomo huo huo.

La pili ni amana. Sisi tumelelewa kwamba cheo ni amana, na siku ya Kiyama kitaulizwa. Wale hawasemi kwa lugha yetu, lakini tazameni kilichotokea mwaka 2021. Wabunge wa Norwei wanaotoka mbali hupewa nyumba ya bure mjini Oslo, kwa sharti kwamba makazi yao yawe zaidi ya kilomita 40 kutoka Bungeni. Magazeti yakaanza kuchimbua nani anakaa wapi na nani kalipa kodi gani. Septemba mwaka huo Kjell Ingolf Ropstad, waziri na kiongozi wa chama cha Kikristo, aliachia vyeo vyote viwili. Novemba, Eva Kristin Hansen wa Leba aliacha kiti cha Spika, wiki chache tu tangu akikalie. Machi 2022 akafuata Hadia Tajik, waziri wa kazi na naibu kiongozi wa Leba.

Hadia Tajik mnamjua? Ni binti wa wahamiaji kutoka Pakistani. Mwaka 2012, akiwa na miaka 29, alikuwa Mwislamu wa kwanza kuwa waziri Norwei. Tulimshangilia wakati ule. Alipoanguka, wako waliotuambia tumtetee kwa kuwa ni mwanamke na ni wetu. Hapana. Kama kodi ya mwanamume inaulizwa, na ya mwanamke iulizwe. Tukitaka kiti sawa tukubali na mizani sawa. Mwanamke anayekula amana hatutetei, anatuzibia njia sisi tunaokuja nyuma.

Na la tatu ndilo linalotuuma zaidi. Turudi Juni 2018. Waziri Mkuu wa Norwei alikuwa mwanamke, Erna Solberg. Waziri wa Fedha mwanamke, Siv Jensen. Waziri wa Mambo ya Nje mwanamke, Ine Eriksen Søreide. Spika wa Bunge mwanamke, Tone Wilhelmsen Trøen. Vyama vyote vitatu vilivyokuwa serikalini viliongozwa na wanawake. Hiyo ndiyo ndoto ya kila semina, au siyo?

Mwezi ule ule Bunge lile lilipitisha sheria ya kukataza kufunika uso katika vituo vya watoto wadogo, skuli na vyuo vikuu. Tuwe wakweli: ushungi haukuguswa, na sheria ilitaja vifuniko vya uso vya kila namna. Lakini kila mtu alijua anayelengwa ni mwanamke wa nikabu. Wako miongoni mwetu wanaovaa nikabu na wako wasiovaa, na kila mmoja ana dalili zake. Hapa hatubishani kuhusu fiqhi. Tunachouliza ni hiki: wanawake wengi kiasi kile, wenye madaraka kiasi kile, na mwanamke wa nikabu anayetaka kusoma chuo kikuu akaambiwa achague uso au darasa. Wingi wao ulimsaidia nini?

Sasa tazameni nani aliunga mkono na nani alipinga. Vyama vikubwa, vya mrengo wa kulia na Leba wa kushoto, vilikuwa pamoja. Waliokataa walikuwa wachache, na SV walikuwa miongoni mwao. Wanawake walikuwa pande zote mbili. Kilichowatenganisha ni chama. Na ni kupitia orodha ya SV hiyo hiyo, mjini Oslo, kwamba Marian Hussein, aliyezaliwa Somalia, alichaguliwa kuingia Bungeni mwaka 2021.

Ndani ya ukumbi ule, wabunge wanakaa kwa majimbo waliyotoka, si kwa vyama. Mama wa Leba anaweza kukaa bega kwa bega na mama wa Høyre, wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto. Kura ikipigwa, kila mmoja anafuata chama chake. Basi dada, ukiambiwa "mchague mwanamke mwenzako", jibu: nitamwangalia, lakini kwanza nipe ilani ya chama chake niisome.

Kwa hiyo somo la Norwei tunalichukua, ila tunalichukua zima. Kwanza, tuingie kwenye vikao vya uteuzi, sio kwenye ngoma za mapokezi tu. Tusiwe watu wa kuvishwa khanga za chama, kuimba hadi sauti zikauke, kisha kuondoka kabla majina hayajapangwa. Pili, mwanamke tunayempandisha tumuulize amana yake kama tunavyomuuliza mwanamume, na zaidi. Tatu, tusihesabu vichwa tukaridhika. Tuulize: sheria hii ikipita, nani ataumia, na huyu wetu atasimama upande gani?

Yule mwenzetu aliyeambiwa asubiri hajasubiri. Amerudi kwenye tawi lake, anahudhuria kila kikao, na sasa anajua daftari la wajumbe kwa majina. Huenda akapata, huenda asipate. Lakini hakuna atakayepanga orodha ile tena bila yeye kuwemo chumbani.

Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wanaomuogopa, wake kwa waume, na atujaalie sisi ujasiri wa kuwauliza. Amin.

Wasalaam, dada zenu.