Tuuite Muundi kwa Jina Lake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la shule nitoe maoni yangu juu ya neno moja la Kiswahili ambalo wengi wetu tunaanza kulisahau. Neno lenyewe ni muundi.

Muundi ni ule mfupa mkubwa wa mguu utokao chini ya goti hadi kwenye kifundo. Ukipitisha kidole mbele ya mguu wako utaugusa mara moja, maana hapo hapana nyama, ila ngozi na mfupa tu. Kwa urefu ni wa pili katika mwili, baada ya mfupa wa paja, nao ndio ubebao uzito wetu tusimamapo. Kando yake upo mfupa mwingine mwembamba, na nyuma yake lipo shavu la mguu.

Liko na neno la pili, ugoko. Watu wengi huyatumia maneno haya mawili kama kitu kimoja, wala si kosa. Lakini kwa maoni yangu yafaa tuyagawie kazi: muundi uwe mfupa, na ugoko uwe upande wa mbele wa mguu, pale apigwapo teke mchezaji wa mpira. Hapo mtu ataweza kusema, "Nimechubuka ugoko, lakini muundi ni mzima," na wenzake wakamwelewa.

Najua wako watakaosema, "Neno hilo la nini? Darasani twasema tibia, nyumbani twasema mguu, yatosha." Nawajibu kwamba hayatoshi.

Kwanza, mguu katika Kiswahili ni neno pana. Huanzia nyongani hadi vidoleni. Mzazi akimfikisha mtoto hospitalini akasema tu, "Mguu unamuuma," daktari hana budi kuuliza tena na tena, na mtoto mdogo hawezi kujieleza. Lakini akisema, "Ni muundi wa kulia, chini kidogo ya goti," amekwisha kumwonyesha pa kuanzia.

Jambo hili si la mchezo. Kwa kuwa mbele umefunikwa na ngozi tu, muundi ukivunjika ncha yake huweza kutoboa ngozi kwa urahisi, na uchafu ukaingia hata mfupani. Tena sehemu yake ya chini hupata damu kidogo, kwa hiyo hukawia kuunga. Ajali za pikipiki zimewavunja watu wengi mfupa huu huu. Aliyevunjika hivyo asisimamishwe wala asivutwe mguu. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, mguu ufungwe banzi, naye apelekwe hospitali upesi.

Lakini ukaribu huo wa mfupa na ngozi una faida pia. Mtoto akiwa mahututi na mishipa yake haipatikani, daktari huweza kutia sindano maalumu katika muundi, chini ya goti, akampa maji na dawa kupitia ndani ya mfupa. Mama aliyesimama kando ana haki ya kuelezwa jambo kama hilo kwa neno alijualo.

Pili, juu ya tibia. Sisemi tusijifunze neno hilo. Biolojia yetu hutahiniwa kwa Kiingereza, na asiyelijua atakosa alama. Lakini tibia ni neno la Kilatini, na Warumi waliita hivyo hivyo zumari zao. Lilikuwa neno la watu wote, la mwilini na la ngomani, wala hawakuona haya kulitumia katika elimu. Mbona sisi tuone haya kwa letu? Muundi limo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mwaka 1981. Kazi iliyobaki ni yetu, kulitoa kamusini na kulitia kinywani.

Basi nawaomba wanafunzi wenzangu, mnapochora mifupa katika madaftari yenu, andikeni tibia kwa ajili ya mtihani, na kando yake muundi kwa ajili ya nyumbani. Walimu wetu nao watusaidie kwa kulitaja neno hilo wanapofundisha. Na ninyi wazazi wetu, Wangoni, Wamatengo, Wandendeule, Wayao na wengineo, tuambieni mnavyouita mfupa huu katika lugha zenu, tuandike kabla wazee hawajaondoka nayo majina hayo.

Mto Ruvuma huanza mdogo katika milima yetu hii ya Matogoro, nao hukua kwa kupokea vijito njiani hadi Bahari ya Hindi. Kiswahili nacho hukua vivyo hivyo, lakini kijito kisichotunzwa hukauka.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu