Watoto wa tembo wana jina, watoto wa Kamina hawana

Safu ya Mzee Tambwe

Artiste inconnu. Ndivyo kompyuta ilivyoandika, kwa Kifaransa safi kabisa, chini ya sauti za wavulana waliokuwa wakiimba Sanctus ya Missa Luba katika kibanda kimoja cha komini ya Kenya. Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile yenye bahari. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mzee Tambwe alikuwa ameingia pale kwa haja ndogo tu, kujaziwa nyimbo kwenye fleshi kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya mjukuu wake. Alitoka bila wimbo hata mmoja, na hasira aliyotoka nayo haijapoa mpaka leo Jumamosi. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba hasira ya Tambwe hukaa muda mrefu kuliko kitu chochote alichowahi kuazimwa na Shemeji.

Kijana mwenye kibanda si mvivu wala si mjinga, na hilo ndilo lililomuudhi Tambwe zaidi. Wenzake wote wa mtaa ule huuza rumba, injili na filamu za Kinijeria. Yeye ana ugonjwa wake wa pembeni: anakusanya muziki wa filamu, tena si albamu. “Papa, albamu ni ya kudanganya batu,” alisema huku akifungua folda moja baada ya nyingine. “Miye niko na muziki yote, ya mwanzo mpaka mwisho.”

Tambwe alikubali kuelezwa. Kumbe baadhi ya diski za DVD na Blu-ray zina njia ya sauti ambamo maongezi, milio ya bunduki na miguu ya farasi vyote vimeondolewa, ukabaki muziki peke yake, kila kipande mahali pake kama kinavyosikika katika picha. DVD moja inaweza kubeba njia 8 za sauti: Kiingereza, Kifaransa, porojo za mwongozaji, na mara mojamoja, kwa wenye bahati, hiyo ya muziki mtupu. DVD ya The Matrix ya mwaka 1999 ilikuwa nayo, na mtungaji Don Davis mwenyewe akizungumza pale muziki unaponyamaza. Superman ya mwaka 1978 ilipotoka kwenye DVD mwaka 2001, kazi ya John Williams iliwekwa hivyo hivyo. Baadaye kampuni ya Twilight Time ya Marekani, iliyoanza mwaka 2011, iliugeuza mchezo huo kuwa desturi: nakala 3,000 tu kwa filamu nyingi, na njia ya muziki ndani yake. Wakusanyaji walizigombania.

Na kijana ana haki kuhusu albamu. Kwa miaka mingi albamu ya muziki wa filamu kutoka Hollywood ilikuwa ya nusu saa tu, hata kama filamu yenyewe ina muziki wa saa nzima na zaidi. Sababu ni malipo: chama cha wanamuziki cha Marekani kiliwadai watoaji walipe tena kila dakika iliyohamishwa kutoka kwenye filamu kwenda kwenye sahani. Kwa hiyo watoaji walikata. Mkusanyaji aliyetaka iliyobaki alichomeka waya kwenye mashine ya diski akanasa mwenyewe.

Lubumbashi haikuonja utamu huo. Sisi tulinunua sokoni zile diski zenye filamu 20 ndani ya moja, Van Damme akibanana na Rambo na Yesu wa Nazareti. Ili filamu 20 zienee, fundi alikuwa anatupa kila kitu kisichohitajika machoni pake, na njia ya muziki ilikuwa ya kwanza kutupwa. Tumeangalia The Matrix mpaka diski zikachubuka, na hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na mlango mwingine. Kampala ndiko walikofika mbali zaidi: pale VJ, yule mtafsiri wa filamu, hushusha sauti yake, akapanda yeye juu na Kiganda chake, muziki ukafia chini ya ulimi wa mtu. Watu wanacheka mpaka machozi. Tambwe hana neno nao, angalau VJ jina lake linaandikwa kwenye bango.

Turudi kwenye folda. Kijana alifungua moja inayoitwa Hatari!, filamu ya Howard Hawks ya mwaka 1962, ile ya John Wayne akikamata wanyama Tanganyika. Hapo Tambwe alivua kofia. Kila kipande kimeandikwa namba yake, jina lake, dakika na sekunde, na jina la mtungaji, Henry Mancini. Kijana alieleza, kama mwalimu, kwamba sahani iliyouzwa wakati ule haikuwa rekodi ya filamu. Mancini alikuwa na mazoea ya kurekodi upya kwa ajili ya sahani, na rekodi zenyewe za filamu zilikuja kutolewa miaka mingi baadaye na kampuni ya Intrada. Yeye anazo zote mbili na anajua tofauti. Kile kipande maarufu cha watoto wa tembo wanaokwenda kuoga, Baby Elephant Walk, kimo katika sura tatu tofauti, na kila sura ina maelezo yake.

Tambwe, akiwa bado na kofia mkononi, aliuliza kama kuna chochote cha kanisani. Ndipo ikafunguliwa folda ya if...., filamu ya Mwingereza Lindsay Anderson ya mwaka 1968, na Sanctus ikaanza kutoka kwenye spika. Msanii: hajulikani. Aina: Ethnique. Jina la wimbo: African Chant.

Mzee aliomba irudiwe, maana pia kuna kitu kilikuwa hakikai sawa sikioni. Sauti zilikuwa juu kidogo, na mwendo una haraka isiyokuwepo kwenye sahani ya parokia aliyokulia nayo. Kijana alikiri bila aibu: kipande hicho hakikutoka kwenye njia ya muziki, kilimenywa kutoka kwenye filamu kwa programu inayotenga sauti na sauti, na filamu ilikuwa DVD ya Ulaya. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, DVD za Ulaya huzichezesha kwa 25, kila kitu kinakwenda mbio kwa asilimia 4 hivi, na isiporekebishwa sauti hupanda kama theluthi ya toni. Wavulana wale walikuwa na umri wa miaka 9 mpaka 14. DVD imewarudisha chekechea. Mwishoni mwa kipande bado unasikia pumzi ya Mwingereza mmoja ambayo programu ilishindwa kuimenya.

Na yote hayo kwa ajili ya nini? Sahani ipo! Philips waliitoa mwaka 1958! Katika filamu yenyewe Mick Travis, anayeigizwa na Malcolm McDowell, anaweka sahani hiyohiyo kwenye gramafoni chumbani kwake, mbele ya macho ya watazamaji. Hakuna cha kumenya. Muziki uliobaki wa filamu ni wa Marc Wilkinson, na jina lake, kwenye folda ya kijana, limeandikwa bila kukosa herufi.

Kwa wale waliozaliwa juzi: Missa Luba ilitoka Kamina, leo mkoa wa Haut-Lomami, enzi zile Katanga moja. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45 na walimu wapatao 15 wa shule ya pale, akaiita Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa yao iliimbwa mara ya kwanza Kamina tarehe 23 Machi 1958. Hawakuwa na noti mbele yao. Waliijenga kwa kuimba, Kyrie ikafuata mtindo wa kasala, maombolezo ya Waluba, na sehemu nyingine zikapata miguu ya ngoma ya Kasai. Mwaka huohuo walizunguka Ulaya wakaimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels. Mwaka 1964 Pasolini alichukua Gloria yao akaitia katika filamu yake ya Injili ya Mathayo. Kisha ikaja if...., ikashinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969, na Sanctus ikaingia kwenye orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Anayetangulia kuimba, ile sauti ya mtu mzima inayoita na watoto wakajibu, ni Joachim Ngoi, mwalimu wa shule.

Sasa huyo ndiye hajulikani.

“Papa, si miye,” kijana alijitetea. “Kule niliitoa, iliandikwa vile.” Na Tambwe anamwamini. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani ndio walioandika vile. Watu wanaokosana urafiki kwa sababu kipande kimekatwa sekunde moja kabla ya filimbi kumaliza. Watu wanaojua ni studio ipi, siku ipi, na nani alishika chombo gani, wakifika kwa mtu mweusi wanachoka ghafla. Ni uzembe wa kuchagua, na umerithiwa. Mwaka 1950, King Solomon's Mines ilipigwa picha Kenya, Uganda, Tanganyika na kwetu Kongo, na Hollywood haikuhangaika kuitungia muziki wa okestra: ngoma na nyimbo za wenyeji zilitosha. Mpiga picha Robert Surtees alipata Oscar yake. Mpiga ngoma alipata kiu.

Folda isiyo na jina la mwimbaji isiitwe kamili. Iitwe mzigo.

Shemeji, ambaye hakualikwa ila alikuwepo, kama kawaida, alisema tunakuza jambo. “Waliimba kwa Mungu,” alisema, “jina la nini?” Huyu ni Shemeji yuleyule aliyetoa viti sita vya plastiki parokiani na kuandika jina lake kwa rangi nyekundu nyuma ya kila kimoja, pamoja na jina la komini, nambari ya simu na tarehe. Mungu akitaka kumshukuru kwa kiti, ana pa kumpigia.

Ili kutuliza hali, kijana alimpa Tambwe kitu cha nyumbani: Augure, filamu ya mwaka 2023 ya Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyekulia Liège, ile iliyopelekwa Cannes na kurudi na zawadi. Hapo folda iling'aa. Baloji ni mwanamuziki kabla ya kuwa mwongozaji, na alitengeneza rekodi nne kwa ajili ya wahusika wake wanne, Koffi, Paco, Tshala na Mama Mujila, kila mmoja na ulimwengu wake wa sauti. Kijana anazo zote, zimepangwa, zina picha. Kisha ikaja folda ndogo ya muziki unaosikika ndani ya filamu yenyewe, nayo imeandikwa Baloji kutoka juu mpaka chini. Ila muziki wa filamu ile ulitungwa na Liesa Van der Aa, mwanamke wa Ubelgiji. Tambwe aliguna. Safari hii aliyeliwa jina ni Mbelgiji, na mlaji ni sisi. Ukweli usemwe: ilimchukua mzee muda kidogo kukasirika ipasavyo, lakini alikasirika.

Kijana alikubali kurekebisha la Baloji palepale. La Kamina ndilo lililomtoa jasho. Alisema kazi ya kuandika upya ni franga 500 kwa wimbo, kwa sababu wateja wake hucheza kwenye simu ndogo za batani, na Les Troubadours du Roi Baudouin haienei kwenye kioo. Akajaribu kufupisha, ikatoka Troub. Roi B., na Shemeji akauliza huyo Troub ni wa familia gani. Tambwe akasema basi aandikwe mwalimu. Kijana akasema hata hilo litakuwa refu.

Mzee alikopa kalamu akahesabu nyuma ya risiti. Baby Elephant Walk ina herufi 16, na imeenea bila malalamiko kwenye kila simu ya Kenya, Katuba na Ruashi. Joachim Ngoi ina 11.