Memori ya bei chee yamtoa jasho mshikaji

Mimi nadunda hapa hapa Butimba, na wiki hii nina kasheshe la mshikaji wangu mmoja anayetengeneza video za harusi.

Jamaa ana HP Z420, dude la mwaka 2012 lililoundwa kwa kazi nzito. Alilinunua mtumba likiwa na memori, ile RAM, ya GB 8. Video za siku hizi zikaligeuza konokono. Sendofu ya watu inatakiwa Jumamosi, advansi keshalamba, mashine inaganda kila mara!

Wajuaji wa mtaani wakamwambia, "Ongeza diski." Hapo nikaingilia kati. Diski ni friji, memori ni karai. Friji inaweza kujaa sangara wa Mwaloni Kirumba, lakini karai likiwa dogo utakaanga vipande viwili viwili mpaka wateja wasuse.

Akapanda daladala hadi mjini, akakuta memori za GB 8 kwa bei chee. Akabeba nne, advansi yote kwisha. Kufika geto, kuchomeka, kuwasha: taa nyekundu, mlio mara 5, kioo giza! Mshikaji akakaa chini.

Kumbe kauziwa memori za seva. Z420 inataka DDR3 za ECC zisizo na rejista, ambazo lebo huishia na herufi E, mfano PC3-12800E. Zake ziliandikwa PC3-12800R. Zinafanana kama mapacha na kwenye tundu zinaingia, ila mashine haiwaki. Bei yake iko chini kwa kuwa seva zikistaafu, memori zake humwagika sokoni.

Muuzaji akagoma kurudisha pesa, akakubali kubadilisha kwa kuongezewa. Ikabidi simu ya mshikaji iwekwe bondi. Akarudi na nne za E, akachomoa waya wa umeme, akagusa bati la mashine kuondoa umeme wa mwilini, akang'oa za zamani, akachomeka. GB 32! Ijumaa usiku sendofu ikaiva.

Wewe je? Kabla hujatoa mapene, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uone kama ni memori kweli inayojaa. Dukani nenda na kipande cha zamani mkononi, usome lebo herufi kwa herufi. Z420 ina matundu 8, mwisho GB 64, na hukimbia zaidi ukijaza manne manne yanayofanana. Na Windows iwe ya biti 64, kwani ile ya biti 32 huishia GB 4 hata ukiijazia gunia.

Simu bado iko bondi. Ukimpigia mshikaji akapokea mtu usiyemjua, usigombe. Wiki ijayo, panapo majaaliwa!