Tulipopigana na Korona tuliwasahau wa hemofilia

MWEZI wa Aprili, 2020, mama mmoja alinipigia simu saa mbili usiku. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa amejikwaa uani na goti lilikuwa limefura kama embe. Mvulana huyo ana hemofilia, ugonjwa wa kurithi unaozuia damu kuganda. Kliniki yake ilikuwa Nairobi. Wao walikuwa ng'ambo ya pili ya kizuizi cha polisi, na kafyu ilikuwa imeanza saa moja.

Dawa aliyohitaji haiuzwi katika duka la mtaani. Nilimwambia mama aweke barafu, afunge goti kwa bendeji, mtoto asikanyage, na asimpe aspirini hata akilia vipi. Walifika kliniki siku ya tatu. Goti hilo halijanyooka sawasawa hadi leo.

Watu waliniambia baadaye kwamba mgonjwa wa dharura aliruhusiwa kupita. Ni kweli, amri ilisema hivyo. Lakini askari hutambua mama aliye na uchungu wa kuzaa, na hutambua anayevuja damu. Mtoto huyu damu ilikuwa ikivuja ndani ya kiungo, mahali ambapo askari hakuweza kuiona.

Hemofilia ya aina ya kwanza humpata mtoto wa kiume mmoja kati ya kila 5,000 hivi. Kwa hesabu hiyo, hapa nchini wanapaswa kuwa elfu kadhaa, na wengi hawajulikani. Baadhi hugunduliwa wakati wa tohara, damu inapokataa kukoma. Jeni yenye kasoro hutoka kwa mama, ingawa karibu thuluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo. Tiba ni kudungwa protini ya kugandisha damu ambayo mwili umekosa, na inafaa kutolewa mapema, ikiwezekana katika saa mbili za kwanza. Hapa kwetu dawa hiyo hutegemea sana misaada ya Shirikisho la Hemofilia Ulimwenguni, na hutolewa katika vituo vichache, miongoni mwavyo Nairobi na Eldoret.

Sasa tazama yaliyotokea. Kisa cha kwanza cha Covid-19 kilitangazwa Machi 13, 2020. Shule zikafungwa siku chache baadaye. Kuanzia Aprili 6 hadi Julai 7 hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi bila kibali. Kliniki nyingi za kawaida zilipunguzwa, na mazoezi ya viungo yakaahirishwa.

Kufungwa kwa shule kulileta shida nyingine. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu yetu ya msaada imetolewa na wanafunzi. Dawa ya kugandisha inapokosekana, sisi madaktari hutegemea maji ya damu yanayotengwa kutoka damu hiyo. Wanafunzi walipokwenda nyumbani, mlango huo wa pili nao ukafungwa. Kufikia Desemba mwaka huo wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wakagoma.

Utafiti nao uliumia. Katika nchi nyingi majaribio ya dawa yalisimama kuandikisha wagonjwa tangu Machi 2020, na maabara zikageukia Korona. Kwa ugonjwa wa kawaida, pengo hilo huzibika. Lakini jaribio la ugonjwa adimu laweza kuwa na watu 30 tu kutoka nchi tano. Wakikosekana watano, matokeo hayaaminiki. Tena mtoto mwenye maradhi ya kurithi ya kudhoofisha misuli hawezi kungoja. Majaribio mengi hutaka awe angali anatembea, na miezi sita yaweza kumtoa katika orodha.

Hata hivyo, sitaki kusema janga huleta hasara tupu. Katika miaka ya 1980 virusi vya Ukimwi viliingia katika dawa za hemofilia zilizotengenezwa kwa damu ya maelfu ya watu, na vikaua wagonjwa wengi Marekani, Ulaya na Japani. Kutokana na msiba huo, dawa zilianza kutiwa joto kuua virusi, kisha zikatengenezwa bila damu ya watu. Korona vilevile iliharakisha ufundi wa chanjo za mRNA. Mnamo 2025 ufundi wa aina hiyo ulitumiwa Philadelphia, Marekani, kurekebisha jeni ya mtoto mchanga mmoja mwenye ugonjwa adimu wa ini.

Kuna watakaouliza: wagonjwa hawa ni wangapi hata tuwasumbukie wakati maelfu wanakufa? Jibu langu ni kwamba kuwalinda hakuhitaji mabilioni. Kwanza, kila mgonjwa apewe kadi ya Wizara ya Afya ambayo askari yeyote ataiheshimu. Pili, hospitali kuu ya kila kaunti iwe na akiba ndogo ya dawa katika friji, na muuguzi anayejua kuidunga. Tatu, wazazi wafundishwe kudunga nyumbani. Nne, damu itafutwe pia makanisani, misikitini na kazini, tusiwaachie wanafunzi mzigo wote. Tano, kuwe na orodha ya kitaifa, kwa sababu asiyehesabiwa hawezi kupangiwa tiba wala kuitwa katika utafiti.

Nawe mzazi, usingoje serikali. Dawa ya maumivu ya mtoto huyu ni parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni. Akipigwa chanjo ya msuli, mwambie muuguzi atumie sindano nyembamba na abonyeze mahali hapo kwa dakika kumi bila kusugua.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya Korona Mei 2023. Mwaka uliofuata likatangaza dharura ya mpox, nasi tulikuwa na wagonjwa wake hapa Kenya. Janga jingine litakuja, na vizuizi vitarudi barabarani. Yule mvulana sasa ni kijana anayechechemea. Yeye na mama yake wangali ng'ambo ile ile, na friji ya hospitali yao ya kaunti bado haina dawa yake.