Dawa Haisubiri Mtandao Uwashwe

Vijana wenzangu, siku hizi kila kongamano linasifia programu za simu za kuwasaidia vijana wanaoishi na VVU. Inakukumbusha kumeza dawa, inakutajia tarehe ya kliniki, unachati na mshauri bila kupanga foleni. Safi, sipingi. Ila tuulizane: imetengenezwa kwa ajili ya nani?

Kijana wa Ujiji anayevua dagaa anaingia ziwani jioni na taa zake, anarudi asubuhi. Wa Kagunga au Kalya akitaka kufika Hospitali ya Maweni anawaza kwanza usafiri wa boti. Wengi wana kiswaswadu tu, na mwenye simu janja bando linamkatikia njiani. Programu inayodai intaneti muda wote imeshawaacha hawa ufukweni.

Halafu msituambie afya haina siasa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na giza likaendelea kwa siku kadhaa. Sisi tulilia na kura zetu, na tulikuwa na haki. Lakini nani alimkumbuka kijana ambaye mshauri wake yuko WhatsApp? ARV ni dozi ya kila siku. Ukirukaruka, virusi vinaweza kuwa sugu. Ukimeza vizuri vikafubaa hadi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenza wako kwa ngono. Anayezima mtandao anagusa hata hilo.

Na fedha je? Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada, tuliona hatari ya kuachia uhai wetu mfuko wa mtu mwingine. Programu ya mfadhili inaweza kuondoka na mfadhili.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Moja, huduma ifanye kazi kwa ujumbe mfupi wa kawaida, bure, bila kutaja ugonjwa wala dawa. Kambini simu moja inashikwa na watu wengi. Mbili, iwe kwenye bajeti ya serikali. Tatu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 isimamiwe kweli, siri ya mgonjwa isigeuke umbea wa mwaloni.

Diwani au mbunge akija mtaani kwako, muulize haya matatu mbele za watu. Usikubali ajibu "tunalifanyia kazi". Taifa la wote ni pamoja na huyu mwenye kiswaswadu.